Uso Haujabadilika

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema kwangu na kwa tovuti yangu. Mwenyekiti wa Chama cha Walimu Wastaafu, mama aliyekuwa mwalimu mkuu na ambaye bado hutembea kama kengele imeshagongwa, ametangaza kwamba Jumamosi tutaadhimisha kuanzishwa kwa chama. Hakutakuwa na hotuba ndefu. (Nilikuwa nimeandaa moja. Nimeirudisha mfukoni.) Badala yake, picha za wanachama wote, walio hai na waliotangulia, zitaonyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi kwa projekta. Zitatoka wapi? Kwenye tovuti niliyoijenga mimi, baada ya kusoma kitabu kizima na nusu ya kingine.

Kanuni amepinga. Huyu ni mwalimu wa hesabu mstaafu, tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuomba chumvi mezani bila kutaja kanuni. Ndiye mtunza ubao, yaani ule ubao wa ukumbini wenye picha zetu zilizobanwa kwa pini, nusu zimejikunja kama majani makavu. Amesimama akasema, "Ramani, ubao wangu haujawahi kumsahau mtu." Ramani ni mimi. Nilifundisha jiografia. Nimemjibu kwamba ubao wake haujawahi kumkumbuka mtu pia, ni mbao. Watu wamecheka. Amekaa. Raha!

Mwenyekiti ameamua: tovuti itajaribiwa Jumamosi. Ikifaulu, ubao ushushwe. Ikishindwa, tovuti ifungwe na mimi nirudi kupanga viti.

Baada ya kikao, Bibi Mkutubi amenishika mkono. Alikuwa akitunza maktaba ya shule, na marehemu mumewe alikuwa mwalimu wetu wa muziki. Mwaka jana tangi la maji la jirani wa ghorofa ya juu lilipasuka, maji yakajaa kwenye sanduku lake la picha, zote zikawa uji, pamoja na ile ya ubaoni aliyokuwa ameiomba siku ya msiba. Picha ya mumewe iliyobaki duniani ni moja, ile niliyokuwa nimeiskani na kuiweka kwenye tovuti (nakala ya kwenye kompyuta nilishaifuta, kwa usafi). Mzee anacheka, macho kayafumba, tarumbeta kaibana kwapani kama kuku aliyenunuliwa sokoni. Bibi hawezi kuiona kwenye simu, macho yake hayamsaidii tena kwa vitu vidogo. Lakini ukuta mzima ataona. Ameomba kiti cha mbele. "Sijamwona tangu maji yale, Mwalimu." Nimemwahidi.

Ili kila kitu kiwe tayari, leo alasiri nimesahihisha anwani na namba za simu za wanachama. Naeleza hapa kwa faida ya watakaokuja kujifunza. Hifadhidata ni kama kabati lenye droo, kila mwanachama ana droo yake. Ukitaka kusahihisha, unafungua fomu yenye jina, simu, anwani na picha. Unabadilisha kilichobadilika. Sehemu ya picha nimeiacha wazi kwa kila mtu, maana uso haujabadilika. Kisha unabonyeza Hifadhi. Nimewamaliza wote, hata marehemu, kwa kuwa nao wana anwani za wajane wao.

Nimelala usingizi wa mchana kwa haki kabisa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Picha hazipo!

Zote. Nimefungua ukurasa wa wanachama ili nimwonyeshe mke wangu, nikakuta majina yamejipanga vizuri, na kando ya kila jina mraba mweupe. Mke wangu ameuliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nimemwambia ni hatua ya kati.

Nimetafakari sababu. Mtandao? Uko sawa, shangazi yangu amenitumia video kumi za maua. Joto? Nimeipepea kompyuta kwa gazeti. Haikusaidia. Basi limebaki jibu moja. Wiki iliyopita Kanuni aliniuliza nenosiri ni kitu gani. Mtu asiye na nia mbaya anataka kujua nenosiri la nini? Nimelibadilisha mara moja, nikaweka refu sana, lenye mito mitatu na mlima mmoja. Kisha nimetumia asubuhi yote kukumbuka ni mlima gani.

Kuhusu Bibi Mkutubi, nimejikataza kufikiri. Nimefikiri hata hivyo. Nimeshindwa kumaliza chai.

Jioni nimepata mbinu. Mahali palipo wazi nimeweka kivuli cha kichwa cha mtu, kile kinachotumika kwenye tovuti nyingi pale ambapo hakuna picha. Kwa namna hiyo ukurasa unaonekana umekamilika, na anayetazama atadhani ni mtindo mpya. Nimekichora mwenyewe. Kimetoka na kipara, kwa kuwa nywele ni ngumu kuchora.

Mke wangu, ambaye naye ni mwalimu mstaafu na mwanachama, ametazama ukurasa, akatafuta jina lake. Kisha ameniuliza, kwa sauti ya chini, tangu lini ana kipara. Mwenyekiti amepiga simu na kuuliza jambo hilohilo, kwa sauti ya juu.

Kivuli nimekiondoa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimefanya uchunguzi kama msomi. Nimejiwekea picha yangu upya. Imekaa. Nimefungua fomu tena, nikabadilisha namba ya nyumba, nikahifadhi. Picha imetoweka! Nimeweka tena picha pamoja na namba ya nyumba. Imekaa. Hitimisho: fomu hii ina njaa. Ikilishwa picha, inatulia. Isipolishwa, inakula iliyopo.

Suluhisho ni la wazi. Nimeifanya picha kuwa ya lazima. Kuanzia leo fomu haikubali kuhifadhiwa bila picha. Njaa imekwisha. Nimewatumia wanachama ujumbe kwamba kila mmoja aingie, ahakiki habari zake na aweke picha, nikasaini "Idara ya Teknolojia". Idara ni mimi.

Sikutarajia wangekuwa watiifu hivi. Mwalimu wa kilimo alitaka kurekebisha namba ya simu tu. Fomu ikamwambia picha ni lazima. Hakuwa na picha yake, alikuwa shambani. Ameweka kabichi. Ni kabichi kubwa, lazima niseme ukweli, lenye umande. Mwalimu wa sayansi kimu ameweka cherehani. Mwenyekiti ameweka mlango wa ofisi yake ya zamani, kwa maelezo kwamba aliutazama zaidi kuliko uso wake. Dada mmoja wa idara ya lugha ameweka goti. Hajaeleza.

Kanuni ameweka picha ya ubao wake. Kisha amenipigia simu kuniambia kwamba, kwa mujibu wa kanuni, kumlazimisha mtu kuleta picha kila anapobadilisha namba ya simu ni sawa na kumlazimisha kuleta cheti cha ndoa kila anaponunua mkate. Nimekata simu. Baadaye nimegundua kwamba mfano huo ni mzuri, na hilo limeniudhi zaidi.

Lakini jambo moja halichekeshi. Bibi Mkutubi hana picha ya kuweka. Fomu inadai kitu ambacho fomu yenyewe ilikula.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mbinu mpya. Siiandiki kwa kujivunia. Naiandika kwa sababu shajara ni shajara.

Marehemu na mimi tulikuwa na mwili unaofanana kidogo. Nimeazima tarumbeta kwa kiongozi wa bendi ya harusi anayefanyia mazoezi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nimevaa kofia, nikaishusha hadi nyusi. Nimeibana tarumbeta kwapani, nikafumba macho, nikacheka. Kupiga picha huku umefumba macho kunataka ustadi. Nimepiga dari, nimepiga kiatu, nimempiga picha mke wangu akiwa amesimama mlangoni na sufuria.

Ameuliza nafanya nini. Nimemweleza kwa utaratibu, kuanzia dhana ya hifadhidata. Amesikiliza mpaka mwisho, maana ni mvumilivu, kisha ameweka sufuria chini. Amesema nikimkalisha yule mama kiti cha mbele nimwonyeshe uso wangu mimi chini ya jina la mumewe, atasimama mbele ya ukumbi mzima na kueleza mwenyewe, na hatahitaji projekta. Kisha ameniuliza kwa nini nisimwulize mkamwana.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mkamwana wetu, mke wa mwanangu mkubwa, hutengeneza programu za kompyuta kwa mshahara. Mimi ni baba mkwe. Siku ya posa nilizungumza mbele ya wazee wao kuhusu ujuzi wangu wa teknolojia, kwa kirefu. Nitamwendeaje leo na kusema fomu yangu inakula watu?

Amekuja mchana kuleta nguo za mtoto zilizobana ili mama mkwe wake azifumue. Nimesubiri akae. Nimeanza kwa mbali. Nimemwambia ninaye rafiki fulani, mtu makini, mwenye tovuti, anayepata shida kidogo na picha. Ameitikia kwa heshima, macho chini, akaniuliza rafiki huyo ameandikaje pale fomu inapopokelewa. Nimemwambia rafiki ameandika kila kilichomo kwenye fomu kiingizwe kwenye droo. Jina kwenye jina, simu kwenye simu, picha kwenye picha.

"Baba," amesema, "mwambie rafiki yako hivi. Mtu akileta fomu bila picha, hajasema picha ifutwe. Amenyamaza tu. Lakini rafiki yako anaandika ule ukimya juu ya picha ya zamani. Aweke sharti: picha mpya ikija, ibadilishe ya zamani. Isipokuja, ya zamani isiguswe."

Nimesema nitamfikishia. Amekunywa maji, akafikiri, akasema na kama siku moja mtu anataka kweli kuondoa picha yake, hilo lisikisiwe kwa ukimya. Awekewe kisanduku chake cha kuweka tiki, kilichoandikwa Ondoa picha. Kusema ni kusema na kunyamaza ni kunyamaza.

Nimeuliza, kwa niaba ya rafiki, kama picha zilizoliwa zimekufa. Akauliza kama rafiki alifuta faili zenyewe kwenye folda ya seva. Nimesema rafiki hata hajui kama kuna folda. Ametabasamu kidogo, akaficha tabasamu kwenye bilauri. Basi zipo, amesema. Droo imesahau jina la picha, lakini picha yenyewe iko stoo.

Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena. Mke wangu kutoka jikoni amesema, "Mwanangu, huyo rafiki wa baba yako amevaa kofia ya tarumbeta humu ndani tangu asubuhi. Msaidie."

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mkamwana amekuja mapema na kompyuta yake. Sijasema kwamba mimi ndiye rafiki, naye hajauliza. Hayo ndiyo malezi mazuri.

Ameandika sharti lake. Sharti zima ni fupi kuliko utangulizi wa hotuba yangu. Picha si ya lazima tena. Amenifanya nijaribu mwenyewe: nimebadilisha namba ya nyumba yangu, nikaacha sehemu ya picha wazi, nikahifadhi. Picha imebaki! Nimefanya tena. Imebaki! Ningeendelea, ila ameniomba kwa upole tuhamie kwenye folda.

Folda ni stoo kweli. Seva imezipa picha majina ya herufi na namba zisizosomeka, hivyo kila moja lazima uifungue uitazame. Hapo ujuzi wangu umehitajika, kwa sababu mimi ndiye ninayewajua watu. Yeye anafungua, mimi nataja. Mwalimu wa kilimo na uso wake. Mwenyekiti akiwa na nywele nyingi. Cherehani. Mlango. Goti.

Kisha amefungua moja na sikutaja kitu. Tarumbeta kwapani. Macho kayafumba. Mkamwana amengoja. Nimesema vumbi limezidi chumba hiki. Amesema kweli limezidi, akaiweka mahali pake, akanionyesha mara mbili kwamba iko chini ya jina sahihi.

Kisanduku cha Ondoa picha hakukiweka. Muda umemwishia, mtoto anatoka shule. Amesema atakiweka Jumapili, na mpaka wakati huo nisiguse kitu. Nimekubali.

Alipoondoka, nimegusa kitu kimoja. Kabichi lilibaki bila mwenyewe, kwa kuwa mwalimu wa kilimo amerudishiwa uso. Naye Kanuni hajawahi kutoa picha yake, ana ubao tu. Nimemwekea kabichi. Ni utani mdogo wa mtu na kompyuta yake, wa kucheka peke yangu kwa jioni moja. Kesho asubuhi nitaliondoa.

Nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuuliza kama naumwa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Asubuhi, kabla ya kuvaa tai, nimefungua fomu ya Kanuni kuondoa kabichi. Njia ninaijua vizuri kuliko mtu yeyote: unaacha sehemu ya picha wazi, unabonyeza Hifadhi, fomu inakula kilichopo. Nimebonyeza. Sikuwa na haja ya kuangalia. Wiki nzima haijakosea.

Ukumbi umejaa. Bibi Mkutubi kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, miwani miwili, mmoja usoni na mwingine mkononi wa kubadilisha. Mkamwana na mwanangu nyuma. Ubao wa Kanuni ukutani, na chini yake Kanuni mwenyewe amesimama kama mlinzi wa benki.

Picha zimeanza kupita, moja baada ya nyingine, kubwa kama milango. Watu wameguna, wamecheka, wamepigana viwiko. Mwenyekiti ameona nywele zake za zamani, akajishika kichwa. Nimejisikia mwepesi. Nimesogea karibu na Kanuni ili asikose kuniona.

Kisha ukuta umejaa kabichi.

Kabichi, na chini yake jina lake kamili, na somo lake, na miaka yake ya utumishi. Umande umeonekana hadi viti vya nyuma. Halafu mwalimu wa kilimo amesema, kwa sauti ya mtu aliyemwona mwanawe jukwaani, kwamba hilo ni lake. Basi. Watu wamelala juu ya meza kwa kicheko.

Nimemtazama mkamwana. Amefunika uso kwa viganja. Nimeelewa. Sharti lake limefanya kazi yake: nimenyamaza, na ukimya haujagusa kabichi.

Kanuni hakucheka. Amesema kwa mujibu wa kanuni onyesho hili limekwisha, akaanza kwenda kwenye soketi ya projekta. Mwenyekiti hakumzuia. Hata mimi sikumzuia, kwa kuwa kabichi lilikuwa kazi yangu. Picha ya mwalimu wa muziki ilikuwa bado. Kanuni ameinama, ameshika waya.

"Mwalimu, kaa chini," Bibi Mkutubi amesema, wala hakugeuka. "Mume wangu bado hajaja."

Kanuni ameachia waya. Amekaa sakafuni palepale, kando ya soketi.

Zimepita nyingine chache, hakuna aliyecheka. Kisha akaja. Macho kayafumba, tarumbeta kwapani, kicheko ukuta mzima. Bibi amevua miwani, amevaa ile mingine, amevua na hiyo. Amesimama akaenda hadi ukutani, kivuli chake kikaangukia tarumbeta, akasogea pembeni ili asimzibe.

"Umechelewa," amemwambia. "Kama kawaida yako."

Projekta haikuguswa kwa muda mrefu. Kanuni, aliyekuwa akifundisha chumba kilichopakana na cha marehemu na kulalamikia tarumbeta ile kila siku ya Mungu, alikuwa anatafuta leso. Nimempa yangu. Hakuirudisha.

Mwisho Mwenyekiti ametoa uamuzi. Tovuti ibaki. Ubao nao ubaki. Na kila ninalobadilisha kwenye tovuti lipitiwe kwanza na mkamwana wangu. Kwa maneno mengine, chama kimenipa msaidizi! Kanuni amesema maneno mengine ni mengine kabisa. Wivu.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mkamwana alikuja Jumapili akaweka kisanduku cha Ondoa picha. Kabichi limeondoka kwa heshima. Amenishauri pia niwe na nakala ya kila kitu, nje ya seva. Nimemwambia ninayo shajara.

Jana Bibi Mkutubi alinitembelea. Ameniletea sauti ya mumewe akipiga tarumbeta. Ilikuwa kwenye kanda ya zamani. Mjukuu wake ameifanya faili kwenye kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kanda yenyewe ikaliwa na redio mara tu baada ya hapo, ikatoka kama tambi. Ameomba sauti iwekwe pamoja na picha, ili wanaomwona wamsikie pia. Nimeguswa sana. Nimemwambia tovuti yetu itakuwa na sehemu ya sauti kabla hajafika nyumbani.

Sikumsumbua mkamwana. Ana kazi zake, na mtoto anakohoa. Sharti lake nimelisoma tena. Ni zuri, lakini lina "kama" nyingi mno kwa mtu wa rika langu. Kwa sehemu ya sauti nimetumia mtindo wangu wa mwanzo, ninaoujua kwa moyo: kila kilichomo kwenye fomu kiingie kwenye droo. Na kwa kuwa nimejifunza kwamba stoo hujaa faili zisizo na wenyewe, nimeongeza ubunifu: sauti isiyo na droo inafutwa hukohuko kwenye folda. Usafi!

Leo asubuhi nimeiweka. Tarumbeta imejaa nyumba nzima. Mke wangu ameacha kufua akasimama kusikiliza, mikono ikidondosha maji. Imenisikitisha kukipoteza kijiti. Nadhani kiko kwenye mfuko wa suruali ile anayoifua.

Sasa ni alasiri. Bibi amepiga simu kusema kwamba anahamia kwa binti yake, hivyo anwani ibadilishwe. Jambo dogo. Nimefungua fomu ya mumewe, nimeandika anwani mpya. Sehemu ya sauti nimeiacha wazi, maana sauti yake haijabadilika.

Nimebonyeza Hifadhi. Kimya kizuri nyumba nzima, kama cha mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.